Maharage Yaliyoandikwa Hayajaiva

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Zipora alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga yake akipuliza kuni mbichi ili zitoe moshi zaidi. Mwanamke huyu alikuwa mpishi. Si kwamba alipika tu, maana nani hapiki. Ni kwamba harusi na misiba ya kitongoji cha Mwalukuba haikuinjika chungu mpaka yeye afike na mwiko wake wa mninga. Watu walitembea kutoka vijiji vya njia ya Mwakitolyo kuja kula mlenda wake wenye karanga, na wengine walisingizia kufiwa. Lakini siku hiyo alikuwa amejipanga kupika vibaya, na alikuwa akifanya hivyo kwa bidii yake yote.

Wazo lilikuwa la mumewe, Nkwabi. Kampuni ya mgodi iliyokuwa imefungua shimo nyuma ya malisho ilikuwa ikilipua miamba kila siku saa nane mchana, na kuta za Mwalukuba zilikuwa zimepata nyufa za kupitisha mkono. Ikatangazwa kwamba kaya zote zitahamishiwa Makazi Mapya, kwenye nyumba zenye majiko ya vigae na bomba la kutolea moshi, na kwamba afisa angepita kwanza kuona kila kaya inapikaje. Nkwabi alikuwa amechimba kwenye maduara ya Mwakitolyo, mashimo ya wachimbaji wadogo, miaka kumi na moja, hakutoka na kitu ila kikohozi na ujuzi wa kuwajua wakubwa.

"Mama Blessing," alisema, "wakikuta sufuria zinang'aa watasema hawa wanajiweza. Jiko la vigae litakwenda kwa mwingine."

Basi Zipora akazihamisha sufuria zake saba, karai la maandazi, jiko la mkaa na mwiko wa mninga, vyote akavificha kwa jirani yake Generosa. Akabaki na chungu kimoja chenye mdomo uliomeguka. Ndani yake akatia maharage ya mbegu, yale yaliyokaa kwenye majivu mwaka mzima yasiliwe na wadudu, ambayo hata kwa moto wa haki yangemtoa mtu jasho mpaka magharibi. Akayawashia kuni alizozikata jana yake. Ilimuuma kidogo kuyaona maji yakitulia bila hata povu, lakini alijikaza.

Afisa aliitwa Herman, kijana wa kofia ngumu na viatu vizito, mwenye kishikwambi mkononi. Alimwamkia kwa adabu, akasimama kizingitini machozi yakimtoka kwa moshi, akawa anajaza fomu huku akisoma kwa sauti.

"Mafiga, matatu. Kuni, mbichi. Moshi, mwingi. Chungu, kimoja. Sufuria, hakuna. Jiko la mkaa, hakuna. Gesi, hakuna. Chakula kilichopo, maharage. Hali ya chakula..." Aliinama, akachota harage moja kwa kidole, akalibonyeza. "Hayajaiva."

Akamwomba Zipora aweke dole gumba kwenye kioo. Kisha akamweleza utaratibu: hali ya jiko ibaki kama ilivyo mpaka timu ya pili ipite, wiki mbili hivi. Zipora aliitikia, na Herman akaenda kwa jirani akipangusa macho.

Timu ya pili haikupita, na hali ikabaki kama ilivyo.

Jioni ile maharage yalikuwa magumu vilevile. Zipora alileta kuni kavu, akazisukuma mafigani, zikawa mbichi. Jumatano yalikuwa vilevile, na Alhamisi pia. Ijumaa aliyamwaga kwa kuku, akasugua chungu, akabandika mchele. Alipofunua alikuta maharage, hayajaiva. Alifunika tena, akatoka nje kumwambia mumewe kwamba wali haupo.

Nkwabi akasema ni jambo dogo, wapikie jiko la mkaa. Akaenda kulichukua kwa Generosa. Generosa alimwachia kwa moyo mmoja, lakini pale kwake Herman alikuwa ameandika majiko ya mkaa mawili, kwa hiyo kila Nkwabi alipofika mlangoni na moja, yalikuwa mawili ndani na mikono yake mitupu. Sufuria zilikuwa hivyohivyo. Generosa alikuwa ameandikiwa sufuria kumi na tisa, zikiwamo saba za Zipora, na kumi na tisa zikabaki. Baadaye Nkwabi alipata jiko jingine la mkaa kwa mtu wa Bugarama. Lilivuka kizingiti cha jikoni kwao mikononi mwake, na alipofika ndani hakuwa na kitu. Alitoka akalikuta nje, limekaa karibu na kuku. Wakawasha hapohapo nje, na jioni ileile mlinzi wa mgodi akaja na pikipiki kuwakumbusha kwamba kuongeza jiko katika kipindi cha utafiti ni kuharibu takwimu. Akalichukua.

Mwalukuba ikazoea. Kila kaya ilikula kulingana na kile Herman alichoikuta ikifanya asubuhi ile ya Jumanne. Generosa, ambaye hakujali kujifanya fukara na alikuwa ametoka kuipua sufuria ya ugali, aliandikiwa "ugali, umeiva", na tangu hapo kila alipofunua kulikuwa na ugali wa moto. Akaanza kutembea polepole, kama mtu mwenye cheo. Mwaisha, mjane wa mfanyabiashara wa Kahama, aliandikiwa "chai ya tangawizi, inachemka", naye akafungua mgahawa bila kununua jani la chai. Katekista alikuwa amefuata ushauri uleule wa Nkwabi, tena akautia chumvi: alizima moto kabisa na kuwalaza watoto chini wajishike matumbo. Kwake kukaandikwa "hakipikwi kitu". Aliacha kumsalimia Nkwabi.

Zipora alikula kwa Generosa, akanywa kwa Mwaisha, na yeye kwa upande wake akatoa moshi. Moshi wake ulifukuza mbu katika nyumba saba, na watu walimshukuru. Kushukuriwa kwa moshi kulimchoma. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya chungu, akayakoroga yale maharage, akatia chumvi, akaonja maji yake. Yalikuwa maji ya maharage mabichi. Wanawake waliooza watoto wao siku hizo walimwalika kwa heshima na kumkalisha upande wa wazee, na wasichana wadogo wakapika wali uliogandamana mbele ya macho yake. Miaka minne ilipita hivyo.

Katika mwaka wa nne binti yake Blessing alipata mchumba. Aliitwa Mwigulu, fundi wa pikipiki wa Bugarama, kijana asiye na maneno mengi na mwenye kucha nyeusi za grisi. Blessing alimpenda waziwazi, akawa anaimba hata akichota maji. Ujumbe ukaja kwamba ukoo wa Mwigulu utafika Jumamosi kupatana, watu kumi na wawili, wakiongozwa na shangazi yake, Paskazia.

Kila mtu alimjua Paskazia. Kwa ukoo ule, mahari yanaweza kuzungumzwa na wanaume uani mpaka mate yakauke, lakini hakuna kinachokubaliwa kabla shangazi hajaingia jikoni kwa mama wa binti, akakaa karibu na mafiga, akala chakula kilichopikwa pale kwa mkono wa mama huyo. Akishiba, binti amepata mume. Chakula cha jirani hakikubaliki. Mwaka uliotangulia Paskazia alikuwa amegeuza msafara mzima kutoka Nyarugusu, ng'ombe wakiwa wameshatajwa rangi zao, kwa sababu alionja mchuzi akajua umepikwa kwenye moto mwingine.

Blessing aliacha kuimba.

"Mama, tuwaambie ukweli," alisema.

"Tuwaambie nini? Kwamba mama yako hawezi kuivisha maharage?" Zipora aliuliza. "Miaka thelathini nimelisha watu wa nchi hii. Nije nikukosee wewe?"

Jumatano alifunga kitenge chake kizuri, akatembea mpaka lango la mgodi. Alikaa kwenye benchi la Ofisi ya Mahusiano ya Jamii tangu saa mbili hadi saa nane kasoro. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke anayetabasamu mbele ya jiko la vigae. Mwanamke huyo hakuwa wa Mwalukuba; Zipora alimtazama kwa muda mrefu, akaona kwamba mwiko ameushika kinyume.

Herman sasa alikuwa na meza na kiti cha kuzunguka. Alimwamkia kwa adabu ileile, akaitafuta kaya yake, akaikuta.

"Maharage, hayajaiva," alisoma. "Ndiyo. Ipo vizuri kabisa, mama. Ina tatizo gani?"

"Nataka uandike yameiva."

Herman alisikitika kweli. Alimgeuzia kioo aone mwenyewe. Mistari yote ilikuwa ya kijivu, imefungwa. Mfumo hauruhusu kurudi nyuma, alieleza, maana kila mtu angekuwa anarudi nyuma takwimu zingekuwa za nani? Timu ya pili ndiyo yenye uwezo huo.

"Timu ya pili inakuja lini?"

"Ipo kwenye mpango."

Zipora hakunyanyuka. Herman, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa na mama yake huko kwao Biharamulo, alishuka na kidole mpaka mwisho wa fomu, akasimama. Kulikuwa na kisanduku kimoja cheupe. Kilikuwa cha maoni ya mdadisi. Siku ile ya moshi, macho yakiwasha, alikuwa amekiruka.

"Hiki bado kiko wazi," alisema. "Lakini kinapokea maneno mawili tu, na kikishajazwa kinafungwa. Niandike nini?"

"Andika maharage yameiva."

Aliandika. Maneno yakawa mekundu, kisha yakafutika, kwa sababu yalipingana na mstari wa juu. Zipora akafikiri. Nje saa nane ilitimu, mlipuko ukapita chini ya miguu yao, na bilauri ya maji ya Herman ikasogea kidogo mezani.

"Andika hivi," Zipora akasema. "Wageni wameshiba."

Herman aliinua macho. "Mama, fikiri vizuri. Kwa nini usiseme kaya imeshiba? Ni nyie mnaokaa pale."

"Sisi tumezoea. Wageni ndio wanaokuja Jumamosi."

Hakuna mama wa Mwalukuba ambaye angejibu vingine. Herman aliandika, maneno yakakubali, yakageuka kijivu. Alimwomba dole gumba.

Jumamosi msafara uliingia saa tano. Wanaume wakakaa uani na Nkwabi, wakaanza kuulizana habari za mvua na malisho kama ilivyo desturi, ingawa mvua haikuwapo na malisho yalikuwa yamegeuka shimo. Paskazia hakukaa. Alivua viatu, akaingia jikoni peke yake, mwanamke mrefu mkavu, mwenye pua ya kunusa uongo. Zipora alimkaribisha kigoda. Blessing alipiga magoti, akaamkia, akabaki pembeni akiyakunja mapindo ya kitenge chake.

Paskazia alikaa. Aliyatazama mafiga matatu, kuni mbichi, chungu kilichomeguka. Zipora akainua mkono kufunua.

"Usifunue, mayu," Paskazia alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo. Kisha akateua hewa ya shibe kwa heshima, akifunika mdomo. "Nimeshiba."

"Shangazi, hujaonja," Blessing alisema, na mama yake akamkata jicho.

"Nimeshiba, nimesema. Tena nimeshiba vizuri." Paskazia alifumba macho. "Kuna karanga ndani. Kuna mlenda. Nilikula hivi mara moja tu, kwenye msiba mmoja huku kwenu, siku nyingi. Wabeja, mayu. Wabeja, asante sana." Akashikilia ukuta kunyanyuka, kwa kuwa alikuwa mzito.

Uani wanaume kumi na mmoja walikuwa tayari wamelegeza mikanda. Mmoja alikuwa akijichokoa meno. Walikubaliana kila kitu kwa nusu saa, maana hakuna anayebishana akiwa ameshiba, na wakaondoka wakisema kwamba mama kama huyu hajawahi kutokea. Mwigulu alitaka hata kubeba kidogo cha njiani, lakini hakuona angekitia wapi.

Walipoondoka, Zipora na Blessing walikaa jikoni wawili, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Njaa ilikuwa imewabana. Hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu alfajiri, na wao hawakuwa wageni. Blessing alikimbilia kwa Generosa akaleta ugali uliofunikwa kawa, na birika kutoka kwa Mwaisha. Nkwabi akaitwa, wakala wote watatu wakiwa wamekaa chini, wakimega na kusimuliana jinsi Paskazia alivyoteua. Zipora alikuwa na furaha. Kwa miaka minne hakuwahi kusikia mtu akisema ameshiba kwake, na ingawa alijua vizuri kwamba hakupika kitu, alikubali sifa zote.

Ndoa ikafungwa mwezi uliofuata, na Blessing akahamia Bugarama.

Habari za jiko lile zilienea. Watu walianza kupita kwa Zipora kuamkia, hasa saa za mchana, hasa wale wasio na kitu kwao. Katekista alikuwa wa kwanza kumsamehe Nkwabi. Walikaa kwenye kigoda mmoja mmoja, wakashiba, wakaaga. Zipora hakumfukuza mtu. Aliwakaribisha, akakoroga chungu chake mbele yao kwa ajili ya adabu, kisha wakiondoka akaenda kwa Generosa kuomba ugali wake na wa mumewe. Nkwabi alikuwa akikonda. Alisema angalau jiko lao limepata jina.

Mwezi wa tisa timu ya pili ikaja. Kumbe kweli ilikuwa kwenye mpango. Watu watatu wa kofia ngumu walifika na Herman, wakaingia, wakapewa mahali pa kukaa. Mkubwa wao alikuwa na maswali ishirini na sita. Zipora alikuwa ameyangoja kwa miaka minne na miezi mitatu. Alikuwa amevaa kile kitenge kizuri na amejiandaa kusema yote. Aliwaambia juu ya nyufa. Aliwaambia juu ya chungu. Akafunua, akachota harage, akaliweka kwenye kiganja cha mkubwa ili alibonyeze.

Mkubwa alilibonyeza. "Gumu," alikubali. Lakini mkono wake wa pili ulikuwa tumboni, na macho yalikuwa yanamlegea. Wenzake wawili walikuwa wameegemea ukuta wenye ufa. Mmoja alikuwa akisinzia.

"Mama, unakaribisha watu vizuri sana," mkubwa alisema.

Herman hakumtazama Zipora. Aliandika alichoambiwa, akisoma kwa sauti ya chini kuliko siku ile ya kwanza. Hali ya lishe, nzuri sana. Malalamiko ya chakula, hayakuonekana. Jiko jipya, halihitajiki kwa sasa. Hali ibaki kama ilivyo mpaka timu ya tatu ipite. Zipora aliweka dole gumba, kwa kuwa kioo kilikuwa mbele yake na wote walikuwa wakimngoja.

Blessing alikuja wiki mbili baadaye, Alhamisi, bila kutoa taarifa. Alishuka kwenye pikipiki barabarani, akakatisha shamba kwa miguu, amevaa kilemba kipya na uso umemjaa. Ujauzito ulikuwa wa miezi miwili. Usiku na mchana, alisema kabla hata ya kumaliza kuamkia, alikuwa na hamu ya kitu kimoja: kukaa jikoni kwa mama yake na kula chochote, hata ugali wa Generosa, lakini aule pale, kutoka mkononi mwake. Huko Bugarama alikuwa akitapika kila kitu.

Zipora hakuvaa viatu. Alikimbia kwa Generosa, akachagua ugali uliokuwa juu. Akapitia kwa mama mmoja aliyeandikiwa "mgagani, umeungwa", akaomba bakuli, naye hakuwahi kuomba mboga ya mtu kwa miaka yote hiyo. Alirudi akihema. Akanawisha mikono ya mwanawe, akamega tonge, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akachota mboga, akamnyooshea kama alivyomlisha alipokuwa mdogo.

Blessing alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaweka kiganja tumboni.

"Mama," alisema, "nimeshiba."

"Hujala kitu. Umetoka safari."

"Najua sijala." Blessing alijaribu tena, akashindwa, akateua akifunika mdomo, na macho yake yakajaa machozi. "Nimeshiba tu. Tangu nilipokaa."

Zipora alibaki na lile tonge mkononi. Alilielewa jambo lile lote kwa mara moja, kuanzia kilemba hadi mkono uliofunika mdomo, na likamuuma mahali ambapo maharage hayakuwahi kumuuma. Hakulia mbele yake. Alilirudisha tonge kwenye sinia, akafunika kawa. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha mgongo ambacho hukaliwa na wageni wa heshima, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge.

"Karibu," alimwambia.

"Ahsante, mama," Blessing alijibu, akaacha kigoda, akahamia kwenye kiti.